Simu ya Jumapili Kutoka Wheeling

Siku mnunuzi wa vyuma chakavu alipokuja kuichukua ile mashine, Twila alikuwa kwa daktari wa meno, na Orrin Stadler aliichagua siku hiyo makusudi. Hakujiona kwamba anafanya ubaya. Alitaka mkewe akirudi akute sebule imepanuka, zulia limesafishwa, na mezani imekaa kompyuta badala ya lile dubwana la chuma lililoishi kando ya kochi lao miaka nenda rudi. Wanaume wawili waliibeba huku wakihema, wakaiangusha nyuma ya lori, na Orrin akakihisi kishindo chake kwa nyayo pale alipokuwa amesimama barazani. Kisha mmoja wao akachukua nyundo, akauvunja mguu wake mmoja ili ilale vizuri.

Mashine ile ndiyo iliyokuwa simu yao. Orrin na Twila walikuwa viziwi, Orrin tangu alipougua utotoni, Twila tangu kuzaliwa, kama walivyokuwa baba yake na dada yake. Taa ya sebuleni ikianza kuwaka na kuzimika walijua simu inaita. Mmoja wao aliulaza mkonga wa simu juu ya kitako cha mpira chenye mashimo mawili, na mashine ikaanza kugonga herufi kwenye karatasi, maneno ya mtu aliyekuwa mbali huko akiandika kwenye mashine kama hiyo hiyo. Ilikuwa nzito kama jiko la makaa. Ilivuja mafuta. Ikifanya kazi, vikombe vilisogea kabatini. Aliyewafungia ni Emory Pruitt, kiziwi mwenzao, fundi aliyekuwa akiziokota mashine hizo zilikotupwa na ofisi za magazeti, akazifufua na kuwagawia viziwi wa Akron nzima na miji ya jirani.

Orrin alikuwa ametengeneza matairi kiwandani tangu ujana wake. Viwanda vya mji ule viliwapenda viziwi, maana kelele zilizowatia wenzao wazimu wao hawakuzijua. Lakini mwaka uliotangulia kiwanda kilifunga idara yake, naye akajikuta nyumbani mchana kutwa, mikono haina kazi, akipangua na kupanga upya misumari iliyokwisha kupangwa. Walioachishwa kazi walipewa kozi ya kompyuta. Mkalimani hakuwepo. Orrin alikaa nyuma, akaitazama midomo ya mwalimu ikichezacheza chini ya masharubu, asiambulie kitu. Basi akakichukua kitabu, akaenda nacho nyumbani, akakisoma na kukirudia mpaka kikamkubali.

Kompyuta aliipata kwa mwenzake wa kiwandani aliyekuwa akihamia Texas kutafuta kazi, pamoja na modemu, kifaa cha kuipitisha kwenye simu, na diski moja laini yenye programu ya kupiga simu; kioo chake kilikuwa televisheni yao wenyewe. Programu hiyo, kabla ya chochote, ilikuuliza maswali: kasi gani, herufi moja iwe na biti ngapi, ukaguzi wa aina gani, mwangwi uwepo au usiwepo. Pande mbili zisipokubaliana katika yote hayo, kitabu kilisema, ni kama watu wawili wanaotaka kuongea gizani. Orrin, ambaye gizani hakuweza kuongea na mtu yeyote, alilielewa hilo pengine kuliko aliyeliandika.

Mara ya kwanza alipiga kwa mtu mmoja wa Cuyahoga Falls aliyekuwa na ubao wa matangazo ndani ya kompyuta yake, ambako yeyote mwenye modemu aliweza kuingia akasoma na kuandika. Zilikuja alama za ajabu, mabano na asilimia. Akabadilisha biti kutoka nane kuwa saba. Herufi zikaeleweka, ila kila alichoandika kilitokea mara mbili, kama kwa macho ya mlevi. Akauzima mwangwi. Akaandika jina lake, herufi zikakaa moja moja, na ule ubao ukamjibu: KARIBU, ORRIN.

Alicheka peke yake sebuleni. Usiku ule na siku zilizofuata alikuta watu wakibishana juu ya matairi ya theluji, akaingia na kuwajibu kama mtu aliyeyafinyanga kwa mikono yake. Walimwuliza, akaeleza. Walibisha, akabisha. Hakuna aliyemfokea usoni akidhani ukifoka kiziwi atasikia, hakuna aliyesema "basi tu, si muhimu" na kugeuka. Maishani mwake mwote hakuwahi kukaa na watu wanaosikia namna hiyo. Na hapo ndipo alipoingiwa na wazo kwamba lile dubwana la kando ya kochi halina haja tena.

Twila aliporudi na shavu lililovimba alisimama mlangoni akapatazama mahali palipokuwa na mashine. Zulia pale lilikuwa na rangi mbichi, mraba mzima.

"Iko wapi?" akauliza kwa mikono.

"Imekwenda. Hii inafanya yote ya ile, na zaidi. Huna haja hata ya karatasi, unasoma kwenye televisheni."

"Na Bernadine?"

"Bernadine atapiga Jumapili kama kawaida. Utamsoma hapa."

Twila alijishika shavu kwa mkono mmoja na kusema kwa mkono uliobaki, "Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo sababu watu huulizana, Orrin."

Akaenda jikoni kutafuta barafu ya shavu. Usiku alilala amempa mgongo.

Bernadine alikuwa dada yake mkubwa, mjane, akiishi Wheeling ng'ambo ya mto. Mashine ile Twila aliitaka kwa ajili ya huyo dada tu. Marafiki wengine wote aliwaona katika klabu ya viziwi kila Jumamosi, wakacheza karata na kuteta kwa mikono mpaka macho yakachoka. Bernadine alipiga kila Jumapili saa kumi. Na Jumapili iliyopita walikuwa wameachana vibaya. Bernadine alimwambia kwamba anaolewa tena, na anayemwoa ni Garland Hupp, mchimba makaa ya mawe mstaafu, mtu anayesikia, ambaye ishara alizozijua zingetosha kuagizia kahawa. Twila alimjibu kwa herufi kubwa zote, maana mashine ile haikuwa na ndogo: ATAKUFANYA MPISHI WAKE NA HATAJUA HATA UNAUMWA WAPI. Bernadine akakata simu bila kuaga. Kati ya watu wawili waliotumia mashine zile, kukata bila kuaga kulikuwa sawa na kumfungia mtu mlango usoni.

Kwa hiyo Jumapili saa kumi taa ilipoanza kuwaka na kuzimika, Twila alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga. Orrin aliulaza mkonga kwenye modemu. Akasubiri. Kioo kilikaa kitupu, kisha ikapita safu ya mabano na alama za asilimia, kisha kitupu tena. Akafungua mipangilio. Akajaribu biti saba, akajaribu nane. Akageuza ukaguzi, akauwasha mwangwi. Kisha akaenda kwenye kasi, na hapo kwenye kasi akili ikamsimama.

Siku Emory alipoifunga ile mashine aliwaambia, kwa fahari ya fundi, kwamba mwendo wake ni arobaini na tano, haina mwingine, na kwamba kila herufi huigonga kwa mapigo matano tu. Mbele ya Orrin kasi ya chini kabisa ilikuwa mia moja na kumi. Arobaini na tano haikuwepo. Na biti zilikuwa saba au nane, tano hazikuwepo. Wala halikuwa jambo la kutafuta zaidi. Kompyuta yake na mashine ya Bernadine hazikuwa na lugha moja, wala zisingekuwa nayo hata akeshe.

Twila alimgusa bega. "Anasema nini?"

Orrin aligeuka. Alimwona mkewe na unga wake mikononi, na nyuma yake ule mraba wa zulia lenye rangi mbichi, na maneno yakamtoka kama chafya.

"Mashine yake imeharibika."

"Imeharibika vipi?"

"Inatoa takataka. Tazama mwenyewe. Yangu ni nzima, taa ya modemu si hiyo inawaka?" Na ili aaminike, akaandika sentensi ndefu kwenye kibodi, kwamba Twila yuko hapa, kwamba mashine ya huko ni mbovu, kwamba atafute fundi. Akaandika tena na tena. Twila akasimama akitazama maneno hayo mazuri yakijipanga kwenye televisheni, akaridhika kwamba dada yake ameambiwa.

Jumapili iliyofuata taa iliwaka tena, na Orrin akafanya vile vile. Siku ya katikati ya wiki iliwaka, jambo ambalo halikuwa kawaida ya Bernadine, na Jumapili nyingine tena. Kila mara Orrin alikaa mbele ya kioo akageuzageuza mipangilio ambayo alijua haisaidii, mgongo wake ukimziba mkewe. Baada ya hapo taa haikuwaka tena saa kumi.

Tusiseme hakujaribu kabisa. Alikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akaandika swali kwenye karatasi, na yule mtu akamwonyesha kwa kidole rundo lililobanwa likawa kama matofali. Aliuliza kwenye ubao wa matangazo kama kuna programu ya kumfikisha arobaini na tano. Mtu mmoja wa Parma akamjibu kwamba amesikia ziko modemu za aina nyingine zinazoweza, ila yake haiwezi, na akamwuliza anaitakia nini kasi ya kizee namna hiyo. Orrin akaizima kompyuta. Njia iliyobaki ilikuwa kumwendea Emory akamwombe mashine nyingine, na kumwendea Emory kulitaka aseme. Akaahirisha. Uongo wa siku ya kwanza ungeweza kufutwa kwa kicheko na lawama kidogo. Sasa ulikuwa umekwisha kuota mizizi.

Barua, Twila hakuandika. Alisubiri Bernadine aandike kwanza, maana ndiye aliyekata simu. Lakini Bernadine hakuandika, na kidogo kidogo hasira ya Twila ikageuka wasiwasi. Alianza kusema mambo ya ngazi za nyumba ya dada yake, kwamba ni mbovu. Alisema juu ya shinikizo la damu. Jumamosi moja klabuni, Orrin akiwa ameshika karata, alimwona mkewe upande wa pili wa ukumbi akiongea na Emory Pruitt, na Emory akitikisa kichwa kukubali. Orrin aliona mikono ya Twila tu kutoka kule mbali: Wheeling. Imeharibika. Kesho.

"Emory atatengeneza mashine ya dada," Twila akamwambia walipokuwa wakivaa makoti. "Utatuendesha."

Wakaenda. Gari la Orrin lilikuwa na kioo cha ziada juu ya usukani, kama magari mengi ya viziwi, ili dereva amwone anayeongea kiti cha nyuma. Emory alikaa nyuma na sanduku lake la vifaa mapajani, mzee mwembamba mwenye kucha nyeusi za mafuta, na njia nzima hakunyamaza.

"Hiyo ya Bernadine nimeitia mafuta mwenyewe mwaka jana," alisema. "Ilikuwa inakimbia kama mwanamwali. Ameimwagia chai, bila shaka. Wajane na chai." Kisha akamwuliza Twila, "Na yenu? Bado inavuja?"

"Orrin aliiondoa. Sasa tuna kompyuta."

Kwenye kioo Orrin aliona mikono ya Emory ikisimama hewani, kisha ikashuka polepole juu ya sanduku. Macho yao yakakutana. Orrin akayarudisha barabarani.

Waliposimama kutia petroli, Twila alipokwenda msalani, Emory alishuka akaja kusimama karibu naye. Aliongea kwa ishara ndogo ndogo, karibu na kifua, kama watu wanavyonong'ona.

"Mashine ya Bernadine ni nzima."

"Huwezi kujua."

"Usinichezee, bwana. Mimi ndiye niliyekufundisha ile mashine inakwenda mwendo gani. Umemwambia nini mkeo?"

Orrin alitazama tarakimu zikizunguka kwenye pampu.

"Basi una njia yote iliyobaki," Emory akasema. "Ukifika bila kusema, mashine itasema."

Njia iliyobaki haikuwa ndefu, na mikono ya Orrin haikuondoka kwenye usukani. Mara mbili alimtazama Twila. Mara ya pili Twila akamtabasamia, akamwambia ameleta mtungi wa kachumbari ya beti kwa ajili ya Bernadine, kama namna ya kumaliza ugomvi. Ingekuwa rahisi zaidi asingetabasamu.

Aliyewafungulia mlango ni mwanamume mkubwa mwenye makovu ya bluu usoni, yale ya vumbi la makaa. Alijipiga kifua kwa kiganja, akaliunda kwa vidole, herufi moja moja, jina lake: Garland. Kisha akaashiria pete kidoleni mwake.

Twila aliitazama ile pete. Nyuma ya Garland alikuwa amesimama Bernadine, mkono wake wa kushoto nao una pete, na uso wake haukumkaribisha mtu.

"Mmeoana?" Twila akauliza.

"Siku nyingi."

"Bila kuniambia?"

"Bila kukuambia?" Bernadine alisogea mbele. Alikuwa mwanamke mfupi, na ishara zake siku zote zilikuwa kubwa kuliko yeye. "Nilikupigia Jumapili. Nilikupigia katikati ya wiki. Nilikuandikia siku, saa, mahali. Na wewe ukanijibu nini? Ngoja."

Aliingia ndani akarudi na karatasi ndefu ya mashine, iliyoviringishwa. Aliifungua mbele yao. Ilikuwa imejaa herufi ovyo, XXVVYQQ na nukta na tarakimu, mistari kwa mistari, bila neno hata moja.

"Ukanipigia mashine ngumi," Bernadine alisema. "Kila nilipokuambia kitu ulipiga kibodi kwa ngumi. Niliketi pale nikakusubiri umalize. Nikasema mdogo wangu akasirike, akichoka atanijibu. Jumapili ya tatu umenipigia ngumi ukurasa mzima."

Orrin alizijua zile herufi bila kuwahi kuziona. Ndiyo yale maneno yake mazuri kwenye televisheni. Twila yuko hapa. Mashine yako ni mbovu. Tafuta fundi. Hivi ndivyo yalivyofika.

"Si mimi," Twila akasema, amechanganyikiwa. "Mashine yako imeharibika. Emory huyu hapa, amekuja kuitengeneza."

Emory hakuitazama mashine. Alimtazama Orrin. Lakini Bernadine alikwisha kumshika fundi mkono na kumpeleka pembeni ya chumba, akawasha swichi, na Emory, hana la kufanya, akaandika mstari mmoja. Karatasi ikapanda. Hata kutoka mlangoni ilisomeka: MVUA INANYESHA WHEELING 1234567890. Safi, hakuna herufi iliyokosea njia.

Garland pekee hakuelewa, akawa anawatazama mmoja mmoja.

"Ni kompyuta," Orrin alisema. "Haziwezi kusomana. Hiyo ya shemeji inakwenda arobaini na tano, yangu haina kasi hiyo. Nilijua tangu Jumapili ya kwanza. Nilijua nikiwa nimekaa pale pale. Nikakwambia yake ndiyo mbovu. Zile herufi ni mimi niliyekuwa naandika."

Alitaka kuendelea. Alikuwa na mengi, ya kiwandani, ya ubao wa matangazo, ya watu waliomwuliza wakajibiwa. Lakini Twila alifumba macho.

Mtu anayesikia akikasirika anaweza kuziba masikio, na bado ukimfokea atasikia. Kiziwi akifumba macho, umefukuzwa. Twila alisimama amefumba macho katikati ya sebule ya dada yake, kachumbari ya beti ingali mkononi, na Orrin akabaki ameinua mikono yake yenye maneno ambayo hayakuwa na pa kwenda. Alipoyafumbua macho hakumtazama Orrin. Alimtazama Bernadine, wakakumbatiana, na Bernadine akaupokea ule mtungi akampa mumewe.

Orrin na Emory walirudi Akron wawili. Emory alikaa mbele safari hii. Karibu na nyumbani ndipo aliposema, "Nilidhani utasema njiani. Nilikuwa nimekuwekea dau moyoni."

"Nilijaribu."

"Hukujaribu. Nilikuwa nakutazama."

Hata hivyo, wiki ile ile Emory alikuja na gari la kuazima na mashine nyingine, ya marehemu mmoja wa Barberton. Waliishusha pamoja, wakaisukuma mpaka pale pale kwenye mraba wa zulia. Emory akaifunga, akaijaribu, akakusanya vifaa vyake. Orrin akamshukuru. "Sikukuletea wewe," Emory akamjibu, akaondoka.

Orrin alikaa mbele yake mchana mzima kabla hajathubutu. Kisha akazungusha namba za Wheeling, akaulaza mkonga, akaandika kwamba ni yeye. Mashine ikagonga polepole, herufi moja, kisha kimya, kisha nyingine, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

NI GARLAND HAPA. WANAWAKE WAMEKWENDA MADUKANI. NAANDIKA POLEPOLE NIVUMILIE. ENDELEA.

ENDELEA, kwenye mashine zile, ndilo neno la kumpa mwenzako zamu. Orrin akaandika: NATAKA KUMWOMBA SHEMEJI RADHI. NA WEWE PIA. ENDELEA.

MIMI HUKUNIKOSEA SANA, mashine ikajibu. NITAKUAMBIA TU NILICHOKIONA. TULIPOSIMAMA MBELE YA HAKIMU KILA MLANGO ULIPOFUNGULIWA BERNADINE ALIGEUKA. HAKIMU AKADHANI HATAKI KUOLEWA AKAMWULIZA MARA YA PILI. MKALIMANI HATUKUWA NAYE NILIMTAFSIRIA MIMI NA HIZI ISHARA ZANGU CHACHE. MASHAHIDI WALIKUWA KARANI NA MTU ALIYEKUJA KULIPIA MBWA WAKE LESENI. BASI NI HAYO. ENDELEA.

Sakafu ikaacha kutetemeka. Orrin aliyasoma maneno hayo, akayasoma tena. Ilikuwa zamu yake, na mtu aliyekuwa upande wa pili, mgeni asiyejua taratibu zote za mashine hizi, angeweza kudhani simu imekatika. Akaandika, NIMESOMA YOTE. Akaandika, ASANTE KWA KUNIAMBIA. Akaaga, akaurudisha mkonga mahali pake.

Taa haikuwaka kwa siku kadhaa. Kompyuta aliitazama tu. Hata kuiwasha hakuiwasha. Ilipowaka hatimaye ilikuwa asubuhi, na karatasi ikapandisha maneno ya haraka, ya mkono aliokuwa akiujua: NJOO UNICHUKUE ALHAMISI. USIJE NA MAELEZO.

Alikwenda bila maelezo. Bernadine alimtolea kahawa akamwekea mezani pasipo kumtazama, Garland akampa mkono. Twila aliingia garini akageuza uso dirishani, na mke kiziwi akigeuza uso dirishani hakuna unaloweza kumwambia. Milima ikapita, na mashamba yenye mabua ya mahindi yaliyokatwa. Walikuwa wamevuka nusu ya njia Twila alipopiga dashibodi kwa kiganja, akaonyesha mgahawa wa kando ya barabara.

Wakaketi dirishani. Twila akamwonyesha mhudumu kwa kidole kwenye orodha ya vyakula: pai ya tufaha, na kahawa. Orrin akaonyesha hivyo hivyo. Pai zilipoletwa Twila aliusogeza uma wake kando, akafuta mikono.

"Nimemwambia Bernadine ukweli wangu na mimi," alisema. "Kwamba Jumapili ile ya kwanza nilikuwa na hasira kweli. Kwamba hata kama maneno yake yangenifikia, pengine nisingekwenda kwenye harusi yake."

Orrin aliona mlango umefunguka kidogo, akauwahi. "Kwa hiyo pengine hata hivyo..."

"Usiniwahi." Alimsimamisha kwa kiganja. "Pengine nisingekwenda. Na pengine Jumamosi usiku ningeshindwa kulala, nikakuamsha, nikakwambia twende. Mimi ni mtu wa namna gani kwa dada yangu, ningelijua siku ile. Sasa sitajua. Yeye naye hatajua, ingawa anasema amenisamehe. Hilo ndilo ulilotuchukulia, Orrin, si simu."

Mikono ya Orrin ilikaa mezani, pande mbili za sahani. Alikuwa ameambiwa asilete maelezo, na sasa aliona kwamba hata kama asingeambiwa, hakuwa nayo. Twila alimtazama kwa muda, hakufumba macho. Kisha akauchukua uma akaanza kula, polepole, upande wa jino lililo zima, na alipofika nusu akaisukuma sahani yake kando kidogo ili nafasi ipatikane ya ramani ya barabara aliyokuwa nayo mkobani, akaifungua, akaanza kutafuta barabara nyingine ya kurudia, kwa sababu ile ya kawaida, alisema, ilikuwa na matengenezo mbele na alikuwa amechoka kukaa garini.

Orrin alikula pai yake. Walipoondoka alipita barabara aliyoonyeshwa.